Kazini kwa Baba, na Ngoma ya Limbu

Ukitaka kunirudisha Bariadi bila nauli, niletee harufu ya mbegu za pamba zilizolala juani. Ni harufu nzito, ya mafuta mafuta, ina vumbi ndani yake na hukwama puani mpaka upige chafya. Nilipokuwa mtoto iliingia nyumbani kwetu kila jioni ndani ya ovaroli ya bluu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba hiyo ndiyo harufu ya akina baba wote duniani. Baba yangu alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika, pembeni mwa mji. Kiwanda kile kilikuwa na king'ora, na mji mzima ulikifanya saa. Akina mama waliinjika uji kwa king'ora, walimu walikimbilia viatu vyao kwa king'ora, na hata jogoo wa jirani yetu, nakuapia, alikuwa akisubiri king'ora ndipo awike. King'ora kikinyamaza, geti linafungwa. Aliyechelewa anarudi kwao, na wa kumrudisha alikuwa baba, amesimama getini na filimbi shingoni, hana mchezo hata na shemeji yake.

Basi nyumbani kwetu neno "kazini" lilikuwa na mwenyewe. Mgeni akipiga hodi na kuuliza baba yuko wapi, tulipiga goti, tukamwamkia "Mwangaluka", kisha tukajibu kwa maringo, "Baba yuko kazini." Akimuulizia mama, tulisema, "Mama yupo tu, yuko shamba." Yupo tu! Mama ambaye alikuwa ametoka kabla ya jogoo na king'ora chake, jembe begani, mdogo wangu mgongoni, akarudi jua likiwa la utosi, akasonga ugali, kisha akarudi tena kwenye mtama wake, huyo kwetu alikuwa yupo tu. Baba akirudi jioni tulimpokea mlangoni, "Pole na kazi, baba," tukamvua viatu, tukamletea maji ya kunawa. Mama akirudi tulimuuliza leo tunakula nini. Siku moja nilimwuliza kwa nini yeye hatumwambii pole na kazi. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Kazini kuna geti, mwanangu," akasema. "Wewe umeona shamba lina geti?" Nikaona kweli halina, nikaliacha suala lile hapo.

Kisha likaja soko huria. Kwetu sisi watoto soko huria lilikuwa na sura ya malori. Yalikuja mapya, yanang'aa, na wanunuzi wake walitundika mizani popote walipoona kivuli, tangu Zagayu hadi Kimali. Zamani mkulima alipeleka pamba yake kwenye chama akasubiri. Sasa alibembelezwa yeye. Wakulima walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Bibi yangu wa Zagayu alisema hajawahi kuitwa "bosi" maishani mpaka msimu ule, tena na kijana mwenye miwani. Lakini pamba iliyopanda malori yale ilipita mbele ya kiwanda chetu bila hata kupunguza mwendo, ikaenda kuchambuliwa kwingine. Mashine za baba zikakaa njaa. Asubuhi moja king'ora kililia, kikanyamaza, na hakikulia tena. Baba na wenzake waliambiwa warudi nyumbani mpaka watakapoitwa.

Lo, baba hakujua kukaa nyumbani! Mvivu hakuwa, shida yake ilikuwa kinyume. Alizoea kusimamia, na sasa hapakuwa na wa kusimamiwa isipokuwa sisi. Mlinzi wa kiwanda alikuwa amempa kipande cha reli kikuukuu kiwe ukumbusho, naye akakitundika kwenye mgunga mbele ya nyumba, akawa anakigonga kwa nondo. Alfajiri, ngaa! Tuamke. Ngaa! Chai. Ngaa! Chai imekwisha. Vyungu vya mama vilipangwa upya kwa ukubwa. Mbuzi walitakiwa watoke zizini mmoja mmoja, kwa mstari, na beberu mmoja mkorofi alipewa onyo la kwanza na la mwisho mbele ya wenzake. Majirani walikuja kusikiliza wakijifanya wanaomba chumvi. Mama alivumilia kwa uchangamfu, "Sawa, msimamizi," "Ndiyo, msimamizi," mpaka siku baba alipomwambia kwamba mapumziko yake ya chai yamezidi. Mama aliweka kikombe chini taratibu. "Baba Kabula," akasema, na Kabula ndiye mimi, "hapa si kiwandani. Hapa ukigonga, wanaokuja ni kuku." Na kweli kuku walikuwa wameshakuja. Baba alicheka pamoja nasi. Ila jioni ile nilimkuta amekaa chini ya mgunga, ovaroli yake iliyofuliwa iko mapajani, na nilipoinusa sikusikia mbegu tena, nilisikia sabuni. Nilitamani kulia.

Shamba hakwenda. Ukimwambia amsindikize mama alijibu kwamba anasubiri kuitwa kazini, na mwito kweli ukaja, ingawa si ule aliousubiri. Rafiki yake Shija, dereva wa lori, alileta habari kwamba kuna kiwanda mbali, mbele ya Mwanza, kinatafuta wasimamizi. Jumamosi angepita akitoka Mwanhuzi amchukue. Baba akapata uhai. Akapiga pasi suruali, akapaka viatu rangi, akaanza kupiga mluzi. Mimi sikufurahi hata kidogo. Baba yake Minza, rafiki yangu wa darasani, alikuwa amekwenda kazini vilevile, kwenye machimbo. Mwaka wa kwanza alirudi na redio. Mwaka wa pili zilirudi salamu. Baada ya hapo hata salamu zilipotea njiani, na Minza akiulizwa baba yako yuko wapi alijibu kama sisi, "Yuko kazini," ila sauti yake ilishuka mwishoni na macho yakatafuta pa kwenda. Niliogopa kwamba muda si mrefu nami nitalisema neno lile kwa sauti ya Minza.

Mama hakubishana na baba hata neno moja. Alijitanda khanga yake akaenda kuwaita wagobogobo. Kwetu, mwenye shamba kubwa na mikono michache huwaita hao, watu wanaolima kwa ngoma. Wanajipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja, wimbo unajibizana huku na huku, na wale mafundi wanarusha majembe juu na kuyadaka bila kuukosa mdundo. Mwenye shamba anachinja mbuzi na kuandaa togwa. Nao wana sheria zao: ngoma ikishaanza kulia, aliyeko mstarini hatoki mpaka mpigaji aipumzishe, hata akiitwa na mkwewe. Kati ya nyumba yetu na barabara ya Lamadi palikuwa na kipande kikubwa cha ardhi kilicholala miaka mingi, nyasi zake ngumu, ambacho mama alikitaka kwa pamba. Wenye ng'ombe wa plau walikuwa wakilima kwao kwanza, na kufikia zamu yako mvua zimeshapita, kwa hiyo alihitaji mikono ya watu. Akawaita waje Jumamosi. Jumamosi ileile. Mpaka leo ukimuuliza anasema ilitokea tu.

Mpigaji wao wa ngoma alikuwa Limbu, mtu mfupi, mnene, ambaye kicheko chake kilifika kabla yake. Na Limbu alikuwa na neno na baba. Aliwahi kuwa kibarua kiwandani, na siku moja alifika king'ora kikiwa ndiyo kwanza kimenyamaza, mguu mmoja ndani ya geti na mwingine nje, baba akaurudisha ule wa ndani. Akaukosa ujira wa siku ile. Bariadi yote ilikijua kisa hicho kwa sababu Limbu mwenyewe alikisimulia kila penye watu, akiigiza miguu yote miwili na filimbi juu yake.

Jumamosi ikafika. Baba alitoka na shati jeupe, suruali iliyonyooka, akaketi juu ya sanduku lake la bati chini ya mgunga, macho barabarani. Wagobogobo walikuja jua limeshapanda. Wakasalimiana, wakataniana, wakaipasha ngozi ya ngoma motoni ili ikaze, wakataniana tena. Baba akatazama saa. Hatimaye wakaanza, na kwangu mimi ilikuwa raha tupu, vumbi na mdundo na meno meupe. Baba aliona kitu kingine. Aliona watu wanaocheza wakati wa kazi. Nilimwona anavyojizuia, anavyogeuka kutazama barabara, anavyorudi kuwatazama. Walipofika kwenye wimbo ambao majembe hukaa juu kidogo yakisubiri kiitikio, uvumilivu ukamwishia. Akaruka, akashika nondo. Ngaa! Ngaa! Ngaa! "Rudini kazini!"

Mstari ulivurugika. Jembe moja lililorushwa likamkosa mwenyewe likaanguka kwenye nyasi. Ngoma ikanyamaza. "Nani amegonga chuma juu ya ngoma?" Limbu akauliza, ingawa nondo ilikuwa bado mkononi mwa baba. Akamsogelea taratibu, jasho linamtiririka, watu wote nyuma yake. "Baba Kabula. Kazini kwako nilichelewa ukanirudisha, nikarudi. Sikugomba, ile ilikuwa sheria ya geti. Leo umeingia kazini kwangu." Kazini kwangu! Alikuwa amesimama kwenye nyasi, peku, hana geti wala filimbi, na amelisema neno lile bila hata kuona haya. Nikamtazama mama, ameshika chungu cha togwa kwa mikono miwili. Limbu akatoa hukumu: ama wagobogobo wachukue majembe yao waende zao, ama aliyeharibu ngoma aingie mstari wa mbele alime mpaka ngoma ipumzike.

Hata mimi nilielewa uzito wake. Wakiondoka, kipande kile hakilimwi tena msimu ule. Baba atapanda lori, nasi tutabaki na nyasi. Baba akatazama barabara. Haina kitu. Akavua shati lake jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya sanduku, akapandisha suruali. "Hakuna jembe jepesi kidogo?" akauliza. Wanawake wakapasua kicheko. "Mchagua jembe si mkulima!" Wakampa zito kuliko yote.

Jamani, baba hakujua kulima. Wenzake wakiinua yeye anashusha, wakishusha yeye anatafuta pa kushika. Udongo ulimrukia mpaka kwenye nyusi. Wasichana wakamtungia wimbo papo hapo, kwamba fundi wa chuma amekuja kutafuta bolti ardhini, na mstari mzima ukaitikia. Akajaribu kurusha jembe juu kama wenzake, kisha akalikimbia lilipokuwa linashuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini kidogo kidogo, sijui tuseme ngoma ilimwingia au yeye ndiye aliyeingia kwenye ngoma, mabega yake yakaanza kwenda na wengine. Akaacha kuhesabu kwa midomo. Akaanza kuitikia, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, nzito, ya furaha. Nilikuwa nimeshasahau kwamba ni Jumamosi. Ndipo honi ikalia.

Lori la Shija lilikuwa limesimama barabarani, linanguruma. "Baba Kabula!" Shija akaita, kichwa nje ya dirisha. "Twende kazini!" Baba aliinua uso, jembe likiwa hewani. Mimi nilimtazama baba, na mama akamtazama Limbu. Kwa haki ngoma ilikuwa ipumzishwe dakika ile. Jua lilikuwa kali, pumzi zimewaishia watu, na mbuzi alishaiva. Limbu hakuipumzisha. Alitemea mate viganjani, akabadilisha mkono, akapiga kwa nguvu kuliko alivyokuwa amepiga tangu asubuhi. Mstari ulimwelewa. Watu wakatazamana, wakakonyezana, wimbo ukapanda juu.

"Ngoma bado inalia!" baba akapiga kelele bila kuacha kulima. "Siwezi kutoka!" Shija ni Msukuma kama sisi, sheria ile aliijua. Akazima gari, akashuka, akaketi kwenye ngazi ya lori akitafuna muwa. Akasubiri. Limbu akapiga. Shija akatupa maganda, akasimama, akaketi tena. "Limbu!" akaita mwisho. "Ngoma ikivuma sana hupasuka!" Limbu akamjibu bila kugeuza shingo, "Hii ni ngozi ya fahali wa Meatu!"

Nataka nilieleze hili vizuri, kwa sababu utoto wangu wote umekaa juu yake. Hakuna aliyemshika baba. Jembe si pingu. Shati lilikuwa juu ya sanduku, sanduku lilikuwa pale pale, na kila mstari ulipofika mwisho ulimfikisha ukingo wa barabara kabisa, karibu aliguse lori kwa mkono. Angeweza kuomba radhi akaondoka. Wangemsema msimu mmoja, basi. Lakini kila alipofika pale alilitazama lori, akafuta uso kwa kiwiko, kisha akaligeuzia mgongo, akarudi kutukabili sisi. Mara ya kwanza nilidhani amesahau. Mara ya pili nikaanza kuamini. Mwishowe Shija akaingia garini akicheka na kutikisa kichwa, akapiga honi moja ndefu ya kuaga, na vumbi lake likaelekea Lamadi.

Ndipo Limbu akaipumzisha ngoma. Viganja vyake vilikuwa vimevimba. Aliviloweka kwenye beseni la maji huku akigugumia. Baba alibaki ameegemea mpini, anatazama barabara tupu, na kwa muda uso wake ulikuwa mtupu vilevile. Limbu akamwendea akichuruzika maji, akampa mkono. "Pole na kazi, Baba Kabula." Baba akaupokea kwa mikono miwili, akaanza kucheka, na machozi yalikuwepo au lilikuwa jasho, mimi sikuuliza. Kisha akageuka kumtafuta mama, aliyekuwa anakuja na togwa, akamwambia mbele ya watu wote, "Pole na kazi, Mama Kabula." Mama nusura aangushe chungu. "Eh! Jua limekupiga wewe!" akasema, akaficha uso kwenye khanga. Lakini nyama ilipogawiwa, maini alimpa baba. "Mcheza kwao hutunzwa," akasema, na wanawake wakapiga vigelegele.

Shija alipita tena baadaye akitaka kujua, na jibu la baba lilikuwa lilelile, "Ngoma ilikuwa bado inalia, ningetokaje?" Alilitoa jibu hilo miaka yote kama mzaha, hakuwahi kutoa jingine, nami sikulihitaji. Kipande kile kikatoa pamba, ikaenda na lori lililobembeleza vizuri zaidi. Watu wakaanza kumletea baba plau zilizovunjika, kisha baiskeli, kisha mashine za kusaga, naye akatengeneza palepale chini ya mgunga, mbuzi wakimzunguka bila mstari wowote. Kipande cha reli kiligongwa kwa chakula tu, tena kama kuna wagobogobo, kwa ruhusa ya Limbu. Mgeni akija akamuulizia baba nilisema yuko kazini na kumwonyesha kwa kidole, maana alikuwa anaonekana. Akimuulizia mama, nilisema naye yuko kazini. Wengine walicheka. Wacheke.

Leo kazi yangu iko Dodoma, kwenye jengo lenye geti linalofunguka kwa kadi. Siwezi kulalamika, nina kiti kizuri na feni. Lakini kazi ya siku hizi haikai nyuma ya geti. Iko kwenye simu, inanifuata kwenye basi, kanisani, hata jikoni nikikoroga uji. Baba alipotoka getini king'ora hakikumfuata. Nami sitaki kuwadanganya kwamba zamani kulikuwa na raha tupu, maana mgongo wa mama unajua ukweli, na baba yake Minza hajarudi mpaka leo.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani. Tulikuwa chini ya mgunga, mimi na mama tunamenya karanga, baba amesinzia kwenye kiti chake, mvi kichwa kizima. Simu ikalia. Nikaruka, karanga zikamwagika.

"Nani?" baba akauliza, jicho moja wazi.

"Ni kazini, baba."

"Kazini si umekuacha Dodoma?"

Nikamweleza mambo yalivyo siku hizi. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma. "Huyo mpigaji wenu ni mbaya," akasema. "Hajui kupumzisha ngoma." Simu ikalia tena. Kabla sijafuta mikono, baba alikuwa ameshaiokota, ameiweka sikioni, na sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya kando ya barabara ya Lamadi.

"Kabula? Kabula yuko kazini." Akasikiliza kidogo. "Hapana, si kwenu. Hapa, na mama yake. Ngoma bado inalia, mwanangu. Ikitulia atakupigia."

Akaikata, akaiweka mbali nami, akasogeza kiti chake, akachota karanga kwenye ungo, akaanza kumenya.